Tulipoulizwa Kuhusu Pesa ya Damu

Sisi ni mume na mke, waumini wa kanisa ambalo majirani zetu Wamarekani hapa Michigan huliita kanisa la Waswahili. Mswahili hasa kati yetu hayupo hata mmoja. Tuko Wabembe, Wafuliiru, Wabanyamulenge na wengine wa Kivu ya Kusini, watu ambao kule nyumbani tusingekaa kwenye benchi moja, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kuimba pamoja. Kabla ya kufika huku mwaka 2015 tuliishi miaka 17 katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watoto wetu wote walizaliwa kambini. Wa kwanza ni kijana ambaye leo ana miaka 22, na ana gari lake kuukuu ambalo baadaye tutalitaja.

Tumeombwa tuandike juu ya imani na haki. Tumeona tuandike lile tunalolijua vizuri, yaani ugomvi wetu wenyewe wa jikoni, uliodumu zaidi ya miaka miwili na ambao hatuna hakika kama umekwisha.

Siku ya Jumatatu, tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, afisa wa polisi alisimamisha gari lililoendeshwa na Patrick Lyoya, kijana Mkongomani wa miaka 26. Namba za gari hazikulingana na gari lenyewe. Patrick alishuka. Afisa alimwuliza kama anajua Kiingereza, akajibu kwamba anajua. Baada ya maneno machache alitaka kuondoka, akakimbia, wakakamatana kwenye nyasi za mbele ya nyumba ya watu. Walivutana juu ya kile kifaa cha polisi cha kupigia shoti ya umeme. Mwisho Patrick alikuwa amelala kifudifudi, afisa yuko juu yake, na afisa akampiga risasi ya kichwa kutoka nyuma.

Hatukuwafahamu wazazi wake ana kwa ana, wala hatutaandika hapa kana kwamba tulikuwa ndugu zao. Lakini baba yake alipozungumza na waandishi wa habari, alizungumza kupitia mkalimani, na yale maneno yaliyotoka kinywani mwake kabla ya mkalimani kuyageuza yalikuwa Kiswahili. Tuliyaelewa kabla ya Wamarekani wengine wote waliokuwa wakitazama. Mji ulitoa picha za video tarehe 13 Aprili. Tulizitazama mara moja, usiku, watoto wakiwa wamelala, na hatujazitazama tena.

Mazishi yalifanyika tarehe 22 Aprili katika Kanisa la Renaissance Church of God in Christ, na mchungaji Al Sharpton akahubiri. Mwezi Juni mwendesha mashtaka wa Kent County alimshtaki afisa yule kwa kuua, naye akaachishwa kazi. Mpaka hapo kanisani kwetu hapakuwa na mabishano. Tuliomba, tulichanga, akina mama walivaa vitenge vya msiba.

Mabishano yalianza Desemba. Tarehe 7 mwezi huo familia ilifungua kesi ya pili katika mahakama ya shirikisho, kesi ya madai, ikitaka dola milioni 100. Jumapili iliyofuata, wakati wa chai baada ya ibada, mzee mmoja tunayemheshimu sana aliweka kikombe chini akasema, "Hiyo ni pesa ya damu. Mtu hawezi kumla mwanawe." Wengine wakaitikia. Wengine wakanyamaza kwa namna ambayo ilionyesha kwamba hawakubaliani naye. Mama mmoja akauliza, kwani ile kesi ya kwanza imekwisha? Hakuna aliyeweza kumjibu.

Mchungaji akatutazama sisi. Mmoja wetu ni mkalimani hospitalini, mwingine alikuwa mwalimu wa shule ya kambi. Tukapewa kazi: tusome, tuulize, kisha tulete somo kwenye ibada ya Jumatano. Tulifurahi kupewa heshima hiyo mpaka tulipofika nyumbani na kugundua kwamba sisi wenyewe hatukuwa upande mmoja. Mmoja wetu alikuwa pamoja na mzee. Hatutasema ni nani.

Ili mwelewe, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1998 mdogo wa mmoja wetu aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani, kati ya Fizi na Baraka. Aliyempiga risasi alikuwa askari. Wa upande gani, waliokuwapo walitofautiana. Familia iliombwa pesa ili iruhusiwe kuuchukua mwili. Ililipa. Hakuna aliyeandika jina la askari, hakuna aliyefungua faili, na baada ya wiki chache sote tulikuwa kwenye mtumbwi tukivuka ziwa kwenda Kigoma. Kwa hiyo mmoja wetu aliposema jikoni kwamba pesa haiwezi kugusana na damu ya ndugu, hakuwa akinukuu kitabu. Pesa ya kwanza iliyogusana na damu ile ilitoka mfukoni mwa mama yao.

Mwingine wetu akajibu, "Wewe hukuletewa pesa ukaikataa. Hukuletewa hata swali." Tulilala bila kusemezana usiku huo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuelewa kwa nini kesi zilikuwa mbili. Sisi tuliokulia Kongo tulizoea mtindo mmoja: kama kesi ya mauaji ipo, familia hujiunga nayo kama upande wa madai, na hakimu yuleyule anayemhukumu mwuaji ndiye anayesema familia ilipwe nini. Hapa njia zimetengana tangu mwanzo. Kesi ya jinai si ya familia. Ni ya serikali, na mwendesha mashtaka ndiye anayeamua kama itafunguliwa. Mama wa marehemu anakaa nyuma kama msikilizaji mwingine yeyote. Na ili mtu ahukumiwe, jopo la raia lazima liridhike pasipo shaka yoyote ya maana. Kesi ya madai ni ya familia, kupitia msimamizi wa mirathi ya marehemu. Humo hakuna anayepelekwa gerezani. Swali ni kama haki ya marehemu ilivunjwa na nani awajibike, na kipimo ni chepesi zaidi: upande upi una uzito zaidi, hata kama mizani imeinama kidogo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiliwa katika kesi ya kwanza na bado akapatikana na wajibu katika ya pili.

Tuligundua pia kwamba sheria inayotumika si mpya. Ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1871, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakati watu weusi waliokuwa wametoka utumwani walikuwa wakiuawa Kusini na serikali za majimbo zikitazama pembeni. Sheria ile ilimpa mtu ambaye haki zake za kikatiba zimevunjwa na mwenye mamlaka mlango wa kuingia mahakamani mwenyewe, bila kumsubiri mwendesha mashtaka. Kisha mlango ukakaa karibu miaka 90 umefungwa nusu, mpaka Mahakama Kuu ilipoufungua vizuri mwaka 1961, katika kesi ya familia moja ya Chicago ambayo polisi waliivamia nyumbani.

Halafu tukasoma habari ya baba mmoja wa Memphis, na hiyo ndiyo iliyotunyamazisha sote wawili.

Mwezi Oktoba 1974 mtoto wake, Edward Garner, mwenye miaka 15, aliingia katika nyumba ya watu usiku. Polisi walipofika alikimbia mpaka kwenye uzio. Afisa alimmulika kwa tochi, akamwona, na baadaye alikiri kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa mtoto hana silaha. Mtoto alipoanza kuupanda uzio afisa alimpiga risasi kisogoni. Alikutwa na dola kumi na pochi. Sheria ya jimbo lile iliruhusu kabisa polisi kumpiga risasi mhalifu anayekimbia. Kwa maneno mengine, kulingana na sheria, hapakuwa na kosa.

Baba hakukubali. Alifungua kesi ya madai chini ya ile sheria ya 1871. Akashindwa mahakama ya chini. Akaendelea. Mwezi Machi 1985, zaidi ya miaka kumi tangu mwanawe azikwe, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba polisi hawezi kumwua mtu kwa sababu tu anakimbia. Lazima pawepo sababu ya kuamini kwamba mtu huyo ni hatari ya kifo au ya majeraha makubwa kwa afisa au kwa wengine. Sheria za majimbo mengi zikalazimika kufuata. Kila kijana anayekimbia polisi nchini humu leo, awe na kosa au asiwe nalo, anakimbia chini ya hukumu iliyopatikana na baba aliyefiwa. Hiyo haikutoka katika kesi ya jinai. Ilitoka katika kesi ambayo mzee wetu angeiita ya pesa ya damu.

Yule kati yetu aliyekuwa pamoja na mzee alisoma mara mbili, akasema, "Sawa. Lakini baba huyo alitafuta sheria ibadilike. Milioni 100 inabadilisha nini?" Na kwa kweli ni swali zuri.

Basi Jumatano ikafika, watu kama 40, baridi kali nje, na sisi tukasimama mbele na karatasi zetu. Tulidhani ugumu ungekuwa kwenye Biblia. Ugumu ulianzia kwenye Kiswahili.

Tulisema kwamba afisa wa polisi akishtakiwa katika kesi ya madai anaweza kuomba kinga. Mama mmoja akauliza, "Kinga ya nini, ya malaria?" Watu wakacheka, nasi tukacheka, kwa sababu Nyarugusu kinga ilikuwa chandarua na chanjo. Tukaeleza kwamba kinga hii maana yake ni kwamba hata kama afisa amevunja haki ya mtu, hatawajibika kulipa isipokuwa haki hiyo ilikuwa imekwisha kuwekwa wazi na mahakama kabla ya siku ile, katika jambo linalofanana sana. Mzee akauliza, "Kwa hiyo wa kwanza kukosewa kwa namna mpya hapati kitu?" Mara nyingi ndivyo ilivyo. Na tukawaambia jambo ambalo lilituchoma sisi tulipolisoma: kinga hiyo ilipata mizizi yake katika kesi ya watumishi wa Mungu. Mwaka 1961 wachungaji 15 wa Kanisa la Kiepiskopali, weusi kwa weupe, walikamatwa huko Jackson, Mississippi, kwa kukaa pamoja katika chumba cha kusubiria basi ambacho kilitengwa kwa wazungu. Waliwashtaki polisi kwa ile sheria ya 1871. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ikasema kwamba polisi wanaweza kujitetea kuwa walitenda kwa nia njema, wakiamini sheria waliyoitekeleza ni halali. Wachungaji walipanda kitu, na wengine wakavuna kingine.

Kisha tukafika kwenye neno fidia, na hapo kicheko kikaisha.

Kiswahili hakina neno jingine la kawaida kwa pesa anayolipwa aliyeumizwa. Ni fidia. Lakini neno hilohilo ndilo lililoko katika Injili ya Marko sura ya 10, pale Bwana anaposema atatoa nafsi yake kwa ajili ya wengi. Mzee alisimama, sauti ikitetemeka. Alisema kwamba yeye alifundishwa tangu utoto kwamba fidia ya damu ni moja tu, ilikwisha kutolewa, na haina bei ya dola. Hatukuwa tumeliona hilo. Tulikuwa tumeandaa majibu juu ya 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowakaripia ndugu wanaopelekana mahakamani, na tulikuwa tayari kusema kwamba pale ni ndugu kwa ndugu juu ya mambo madogo, si mjane mbele ya serikali. Lakini mzee hakuja na Wakorintho. Alikuja na msalaba, na sisi hatukuwa na karatasi ya hapo. Tukafunga kwa maombi mapema.

Wiki ile tulisoma Torati jikoni, jambo ambalo tukiri hatukuwa tumelifanya kwa pamoja tangu tuoane. Tulianzia Hesabu 35, ambako Mungu anakataza kupokea malipo badala ya uhai wa mwuaji. Hapo mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua: pesa haiwezi kuinunua kesi ya jinai iondoke. Ikiwa mji unalipa ili mambo yanyamazwe, Torati inasema hapana. Kisha tukarudi Kutoka 21, kwenye ile sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Ng'ombe akimwua mtu kwa mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu hapo, na mwenyewe amekwisha kuonywa, wala hakumfunga, basi mwenye ng'ombe anawajibika kwa uhai wa marehemu, na hapo, tofauti na kwa mwuaji wa kukusudia, Torati inaruhusu atozwe malipo.

Hatumwiti mtu ng'ombe. Afisa ni mtu, ana mama, naye tumemwombea. Lakini tulishangaa, kwa sababu ile ndiyo hasa sheria ya Marekani kuhusu miji. Tangu mwaka 1978 Mahakama Kuu imesema kwamba mji hauwajibiki kwa sababu tu mtumishi wake amekosea. Unawajibika ikiwa kosa lilitokana na sera yake, au desturi yake, au ikiwa uliacha kuwafundisha askari wake huku ukijua hatari iliyoko. Swali la hakimu kwa mji ni swali la Musa kwa mwenye ng'ombe: ulikuwa umeonywa? Na kuthibitisha kwamba mji ulionywa ni kazi ngumu. Mwezi Agosti 2023 hakimu wa shirikisho aliuondoa mji wa Grand Rapids katika kesi ya familia ya Lyoya, akabaki afisa peke yake. Tuliposikia habari hiyo, mmoja wetu alikuwa anasonga ugali, akaacha mwiko ndani ya sufuria.

Wakati ule swali la pesa lilikuwa limeanza kubadilika kwetu. Tulijifunza kwamba afisa mwenyewe kwa kawaida halipi kutoka mfukoni. Hulipa mji au bima yake, yaani mwisho wa yote ni kodi za wananchi, sisi tukiwemo. Tulijifunza kwamba wakili, au avoka kama tulivyozoea kusema Uvira, halipwi kabla ya kesi kwisha, na mara nyingi huchukua theluthi moja ya kitakachopatikana. Tulijifunza kwamba kesi nyingi za namna hii haziishii kwenye hukumu bali kwenye makubaliano. Amadou Diallo, kijana wa Guinea, alipigwa na polisi wa New York mwaka 1999 mlangoni pa nyumba alimoishi, bila silaha. Zilifyatuliwa risasi 41. Maafisa wanne waliachiliwa mwaka 2000. Mwaka 2004 mji ulikubali kuilipa familia dola milioni 3. Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 wa Cleveland: dola milioni 6, mwaka 2016, bila mji kukiri kosa. Hayo ndiyo yanayomfanya mtu aseme pesa ya damu, kwa sababu pesa inatoka na neno halitoki. Lakini mwaka 2020 mji wa Louisville ulipokubali kulipa dola milioni 12 kwa kifo cha Breonna Taylor, familia ilidai ndani ya makubaliano hayo mji ubadilishe jinsi polisi wanavyoomba na kutekeleza vibali vya kuingia nyumba za watu. Kwa hiyo inategemea aliyeketi mezani anaomba nini.

Na ndani ya kesi, kabla ya pesa yoyote, kuna jambo ambalo kule kizuizini mwaka 1998 tungelitoa ng'ombe wote wa ukoo ili tulipate. Pande zote hulazimika kutoa nyaraka. Wakubwa wa polisi wanaweza kuitwa, kuapishwa na kuulizwa maswali na wakili wa mama wa marehemu: ulifundishwa nini, uliandika nini siku ile, nani alikuonya. Jina linaandikwa na saa inaandikwa.

Tulirudi kwenye ibada ya Jumatano mara ya pili na somo fupi zaidi. Tulianza na mzee. Tulimwambia yuko sahihi kwamba fidia ya msalaba haina mwenzake, na kwamba labda Kiswahili kimetuonea kwa kutupa neno moja kwa mambo mawili. Tukamwuliza: ile pesa ya damu ya Mathayo 27, ambayo makuhani walikataa kuiweka hazinani, ilikuwa pesa aliyolipwa nani? Akasema, Yuda. Tukauliza, alilipwa kwa kumtoa au kwa kumpoteza? Alikaa kimya muda mrefu. Mariamu mama wa Bwana hakulipwa kitu, akasema mwishowe, na hakuna aliyemwuliza. Hatukujua kama hilo lilikuwa jibu la kutukubali au la kutukataa, na mpaka leo hatujui.

Kisha tukasoma Matendo 16. Paulo na Sila wamepigwa hadharani huko Filipi bila kuhukumiwa, wametupwa gerezani. Asubuhi wakubwa wa mji wanatuma watu kusema waachiliwe waende zao. Paulo anakataa. Anasema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa mbele ya watu, na sasa wanataka kuwatoa kwa siri? Waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja, wakaomba. Sisi tumesoma habari hiyo mara nyingi kwa ajili ya tetemeko la nchi na mlinzi wa gereza aliyeokoka, na ni kweli ndiyo sehemu inayohubiriwa. Lakini Paulo yuleyule aliyeimba usiku ndiye aliyedai asubuhi kwamba wenye mamlaka wafike kwa miguu yao. Hakusema kwamba kwa kuwa amesamehe basi hakuna haja. Pia alikuwa karibu kuliacha kanisa changa katika mji ule, na wale wakubwa wangekutana na waumini hao kesho yake.

Mama yule wa malaria akasema, "Kwa hiyo alikuwa anawafungulia njia wale wanaobaki." Hatukuwa tumelifikiria hivyo.

Sasa lile gari. Mwaka ule kijana wetu alikuwa na miaka 19. Alilinunua kwa muumini mwenzetu kwa dola 1,800, akaanza kuliendesha kwenda kiwandani na namba za mwenye gari wa zamani, akisema atashughulikia karatasi akipata siku ya mapumziko. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Tulipokuwa tukiandaa somo alipita jikoni, akasimama kusikiliza, akauliza, "Ingekuwa mimi, mngeshtaki?"

Yule kati yetu aliyekuwa upande wa mzee ndiye aliyejibu kwanza. Alisema ndiyo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayefikiri. Yule mwingine, aliyekuwa ametetea kesi kwa majuma kadhaa, hakuweza kufungua kinywa. Baada ya hapo tulikwenda na kijana ofisi ya Katibu wa Jimbo tukapanga foleni, tukalipia umiliki na namba, na tukasimama naye kwenye maegesho ya magari mpaka alipokaza skrubu ya mwisho. Alituambia tunamwaibisha.

Kesi ya jinai ilisikilizwa mwishoni mwa Aprili 2025. Jopo lilijadiliana siku kadhaa bila kukubaliana, na tarehe 8 Mei hakimu akatangaza kwamba kesi imevunjika. Wiki mbili baadaye mwendesha mashtaka alisema hataifungua tena. Baba na mama wa Patrick walikuwa wamesubiri miaka mitatu kwa ajili ya siku ile, na jibu waliloletewa halikuwa hatia wala kutokuwa na hatia. Kanisani watu walilia kama siku ya msiba. Mmoja aliuliza kwa nini Mungu anatufundisha habari za mjane wa Luka 18, aliyemsumbua kadhi mpaka akapata haki, kama kadhi anaweza kwenda nyumbani bila kusema lolote. Mchungaji hakumjibu, akashika mkono wake tu.

Baada ya ibada mzee alitufuata nje. Amezeeka sana siku hizi, anatembea na fimbo. Alisimama kando ya gari letu, akatazama namba za gari kwanza, tukadhani anatutania. Akauliza, "Ile kesi ya pili, nayo imekufa?" Tukamwambia haijafa. Lile jopo halikuwa na mamlaka juu yake. Ni kesi ya familia, na ina njia yake.

Akafikiri. Akasema bado hapendi lile neno, fidia, na tutafute jingine. Tukamwambia tutatafuta. Kisha akauliza kama inaweza kuwekwa kwenye maombi ya Jumatano. Tuliiandika ubaoni wiki hiyo, chini ya jina la dada anayesubiri upasuaji wa goti, na ipo hapo mpaka tunapoandika haya.